Prado ya Kuazima na Riba Isiyotajwa

Mtazamaji wa Nairobi hulitambua tangazo la bei rahisi kabla halijataja linauza nini. Kuna Prado nyeupe iliyoegeshwa kiubavu, inaonyeshwa mara tatu usije ukaikosa. Kuna nyumba yenye ngazi za marumaru ambayo, ukikaza macho, ndiyo ile ile ya tangazo la rangi ya ukutani mwaka jana. Kuna baba aliyebanwa kwapa na suti, mama anayecheka bila kuchekeshwa, na watoto wawili ambao ni wazi wamemjua baba huyo asubuhi ileile. Funguo zinakabidhiwa. Sauti nzito inasema, "Timiza ndoto zako." Halafu, kwa kasi ya makanga anayeita abiria wa mwisho pale Kencom: "Vigezo na masharti kuzingatiwa!"

Ingekuwa sabuni ningenyamaza. Sabuni utainunua kipande, uijaribu, ikikuwasha unarudi kwa ile ya zamani. Mkopo, akiba au bima havijaribiwi hivyo. Ni bidhaa isiyoshikika, unanunua ahadi ya mtu usiyemjua, na mara nyingi utajua kama alikudanganya baada ya miaka. Ndiyo maana nasema uchache wa pesa haujawahi kuniharibia tangazo la fedha hata moja. Linaloyaharibu ni kujitia utajiri. Shirika linalomwomba mwananchi amwachie akiba yake, huku limeazima gari la kupigia picha, limeanza safari kwa uongo, na mwananchi anaunusa hata kama hawezi kueleza harufu imetoka wapi.

Pua hiyo hakuzaliwa nayo. Ameinoa kwa hasara. Kuna waliochomwa na miradi ya piramidi ya 2006 na 2007. Kisha Agosti 2015 Dubai Bank ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyoshindwa, Oktoba mwaka huohuo ikafuata Imperial, Aprili 2016 ikafuata Chase: benki tatu chini ya mwaka mmoja, na watu wenye vitabu vyao vya akiba mkononi wakisoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango uliofungwa. Juzi juzi wanachama wa sacco, vile vyama vya akiba na mikopo, waliodhani wao wako salama kwa sababu chama ni chao, wakasikia habari za KUSCCO, muungano wa sacco, na shilingi bilioni 13.3 zilizodaiwa kuporwa. Mtu aliyepitia hayo ukimwonyesha marumaru anajiuliza marumaru hizo zimelipiwa na nani.

Nimeandika skripti za matangazo kama haya kwa muda, nyingi zikiwa za sacco na kampuni ndogo za mikopo, bajeti ambazo kwenye seti ya benki kubwa zingeishia kwenye chakula cha mchana. Kikao cha kwanza huwa kilekile. Unakalishwa kwenye chumba chenye picha za wenyekiti waliopita, unaletewa chai na mandazi, na kamati inaanza kutaja inachotaka. Mwenyekiti asalimu. Jengo la makao makuu lionekane. Bidhaa zote saba zitajwe, maana ukitaja ya karo ukaacha ya jembe, wanachama wa upande wa pili watateta kwenye mkutano mkuu. Na droni. Siku hizi hakuna kamati isiyotaka droni. Ukiwauliza ya nini, watakwambia, "Ndiyo inaleta ile hali."

Mimi hungoja chai iishe, halafu nawafanyia hesabu. Runinga yetu huenda fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde 30 ni fremu 750, basi. Kwa upande wa maneno, nikisoma kwa mwendo wa binadamu aliyetulia, sekunde hizo hunipa silabi 150 hivi. (Mimi huhesabu silabi kwa sababu neno letu moja, kama "watakurudishia", ni sentensi nzima kwa lugha za wenzetu.) Salamu za mwenyekiti, pamoja na cheo chake na jina kamili la chama, huweza kumeza theluthi ya hizo. "Mheshimiwa," nilimwambia mmoja, "ukimaliza kusalimu tutakuwa na nafasi ya kuaga." Alicheka, lakini salamu aliziacha kwenye orodha.

Skripti yenyewe mara nyingi huwa imezaliwa kwa Kiingereza. Imeandikwa kwenye kompyuta huko Kilimani au Westlands, ikapitishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinaitwa dakika ya mwisho kama fundi wa bomba. Ndipo tunapopata "Kuza utajiri wako nasi" na "Suluhisho la mahitaji yako yote ya kifedha." Nitafutie mtu Kayole aliyewahi kumpigia mjomba simu akasema ana mahitaji ya kifedha. Anasema amekwama. Anasema mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Anasema fundi amesimama kwenye lenta na simiti imeisha. Maneno hayo hayana gharama, na kila moja lina picha ndani yake ambayo haihitaji marumaru. Sheng nayo naiogopa kidogo kwenye kazi hizi: huchakaa ndani ya miezi, na mwanachama wa miaka 55 aliyeweka akiba tangu enzi za vitabu hatafurahi kuongeleshwa kama mpwa wake.

Kauli iliyofanya kazi kuliko zote katika historia ya pesa hapa kwetu ilikuwa na maneno matatu. Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa, haikuahidi utajiri wala ndoto. Ilisema tuma pesa nyumbani. Kila mtu aliyewahi kukabidhi bahasha kwa dereva wa basi la usiku, kisha akakesha akiomba ifike, alielewa papo hapo anauziwa nini.

Sasa tufike kwenye riba, ambapo ndipo ugomvi wangu na kamati huanza hasa.

Sacco ikisema "asilimia 1 tu kwa mwezi", imesema nini? Chukua mkopo wa shilingi 100,000 wa miezi 12. Kama riba inahesabiwa kwa salio linalopungua, na unalipa sehemu sawa ya deni kila mwezi, mwezi wa kwanza unatozwa asilimia 1 ya 100,000, wa pili ya kile kilichobaki, hivyo hivyo hadi mwisho. Jumla ya riba ni shilingi 6,500. Kama inahesabiwa kwa deni la mwanzo kila mwezi bila kujali umelipa kiasi gani, jumla ni 12,000. Asilimia ni ileile, mwezi ni uleule, hata lile "tu" ni lilelile, na tofauti inakaribia mara mbili. Mkopeshaji mwaminifu na mjanja wanaweza kurusha tangazo moja neno kwa neno, na mtazamaji hana namna ya kuwatofautisha. Kwa hiyo asilimia peke yake, hata ikiandikwa kwa herufi kubwa, bado ni namna ya kunyamaza.

Au linganisha hizi mbili. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanza Novemba 2012 mkopo wake ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Hazina ya Hasla, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022 ilitangazwa kwa riba ya asilimia 8. Sikio la haraka litasema ya kwanza ni nafuu. Lakini 8 ni ya mwaka mzima, na ule mkopo wa Hasla ulikuwa wa siku 14. Ukikopa shilingi 1,000, ada ya kwanza ni shilingi 75, na riba ya pili kwa siku hizo 14 ni shilingi 3 hivi. Sitetei wala sishambulii yeyote hapo. Kila mkopo una hadithi yake na namna yake ya kukudai. Ninachosema ni kwamba namba mbili zinazofanana kwa sauti zimeachana kama mbingu na ardhi kwa shilingi, na runinga inahesabu kwa sauti.

Dawa yake ni ya bei rahisi mno, na pengine ndiyo sababu inadharauliwa. Ni sentensi moja: "Ukikopa laki moja kwa mwaka mmoja, utarudisha laki moja, elfu sita na mia tano." Isome kwa sauti. Ni sekunde saba, ukijipa pumzi. Haihitaji gari, nyumba wala droni. Inahitaji tu shirika lisiloionea haya bei yake, na hapo ndipo utaona kamati nzima ikianza kutazama madirisha.

Kwa sababu kuna njia ya kukwepa ambayo sote tumeizoea. Zile "vigezo na masharti kuzingatiwa" zimekuwa mzaha mitaani, kijana akimwahidi mwenzake soda, anazimalizia kwa kasi ileile ya runinga, na wote wanajua maana yake ni "usitegemee." Sijui maneno mengine ya kisheria yaliyowahi kuungama hivyo hadharani. Na chini ya skrini pembeni hupita mstari wa maandishi madogo, sekunde tatu, mweupe juu ya shati jeupe. Nenda ukautazame kwenye runinga ya inchi 24 katika chumba kimoja pale Umoja, ukiwa umeketi kitandani na pazia limegawa chumba. Huoni hata kama ni maandishi. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi, lakini sijaona upotoshaji mtamu zaidi ya ule wa kumwambia mtu ukweli kwa herufi asizoweza kusoma.

Cha ajabu, simu imekuwa mkweli kuliko runinga. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ilizitaka kampuni za huduma za fedha kwa simu zimwonyeshe mteja gharama kwenye skrini kabla hajakubali muamala. Miaka sita baadaye Benki Kuu ikaleta kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, baada ya kelele nyingi kuhusu gharama zilizofichwa na wale waliokuwa wakipigia simu mama mkwe wa mdaiwa. Kwa hiyo leo mteja anasoma bei kwenye kiganja chake, dakika ya mwisho kabisa, baada ya runinga kumpigia hadithi ya ndoto kwa wiki mbili. Bei ingeweza kutangulia.

Haya, kamati imekubali, tuseme, na mfukoni kuna laki mbili kasoro. Pesa ziende wapi?

Kwanza kwenye sauti. Mtu atavumilia picha iliyofifia kidogo. Sauti inayokwaruza ataikimbia, na kwenye tangazo la pesa atahisi pia kwamba kuna mtu anafanya kazi ovyoovyo. Nairobi ni adui wa sauti. Matatu inapiga honi ya nyimbo, jenereta ya jirani inanguruma, mvua ikigusa bati la kibanda umekwisha. Kodi kipaza sauti kizuri cha kubana kwenye nguo, na umlipe mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza tu. Sauti ya msimulizi unaweza kuirekodi ndani ya gari lililofungwa madirisha, kwenye ghorofa ya chini ya maegesho, Jumapili asubuhi. Nimewahi kurekodi kwenye kibanda cha nguo za mitumba Gikomba baada ya wateja kuondoka: makoti yananing'inia pande zote tatu, yanameza mwangwi wote, na studio ya kulipia isingetupa zaidi. Hapo ndipo Prado ina kazi halali kwenye tangazo, kama chumba cha kurekodia. Vitz ingetosha.

Mwanga ni wa bure lakini una masharti yake. Tuko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu, linachimba mashimo meusi chini ya nyusi, na mama mpole unayemtaka aaminike anaonekana kama mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. Jioni haikupi nafasi pia. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza letu huingia bila kubisha hodi. Wenye bajeti hufunga vitambaa vikubwa juu ya waigizaji. Asiye nayo apige picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au angoje Julai. Watu huilaani Julai ya Nairobi kwa baridi yake, ila yale mawingu ya kijivu yanayotanda siku nzima ni taa laini kubwa ambayo hakuna kampuni ya kukodisha vifaa inayoweza kukupa. Usimsimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe ukaiacha kamera ijiamulie: itaupima ukuta, na yeye atageuka kivuli. Shuka jeupe au kipande cha styrofoam kikishikwa upande wa uso kinamrudishia macho.

Kisha uso. Mmoja. Kumbuka tangazo la Coca-Cola la "Brrr" lililompeleka mwigizaji marehemu Charles Bukeko nje ya mipaka ya Kenya. Kampuni ile haikukosa pesa, lakini unachokumbuka ni uso wa mtu mmoja na mlio uliotoka mdomoni mwake. Kwa kazi za mkopo mimi hupendelea mwanachama halisi kuliko mwigizaji, ingawa si kila mara. Wapo watu ambao kamera ikiwashwa huanza kuongea kama kiranja mbele ya gwaride. Ukimpata mama anayeweza kusema namba zake za mkopo bila kusoma, kama anavyozisema kwa dada yake, usimguse. Usimpake poda. Usimpe aproni mpya. Na, tafadhali, usimfanye mama mboga kwa lazima: tangu kampeni za 2022 kibanda cha sukuma wiki kimebebeshwa mizigo ya watu wengi mno, na mtazamaji akikiona tu anangoja kuombwa kura.

Makaratasi ni sehemu inayochosha, lakini asiyeyalipia mapema huyalipia baadaye. Leseni ya kurekodi, kibali cha kaunti kama unapiga picha barabarani (kanjo hawaulizi kama bajeti yako ni ndogo), droni ina sheria zake za usafiri wa anga, na wimbo unaovuma hauwi wako kwa sababu unaupenda. Zaidi ya yote, fomu ya ridhaa ya kila mtu anayetambulika kwenye picha. Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hiyo ni zaidi ya mara tisa ya bajeti tunayoizungumzia, kwa uso mmoja.

Na kinachobaki kiende hewani. Tangazo linalorushwa mara mbili halijarushwa. Mapumziko ya taarifa ya saa moja jioni, ya Kiswahili, huwa na familia nzima sebuleni. Vituo vya lugha za mama navyo vina bei tofauti na masikio yanayosikiliza kwa makini zaidi.

Wapo wenzangu wa kazi wasiokubaliana nami. Wanasema tangazo lenye sura ya kimaskini huifanya taasisi ionekane maskini, na hakuna anayemwekea maskini pesa. Si hoja ya kupuuzwa. Kamera inayotikisika, namba ya simu iliyokosewa, jina la chama kuandikwa kwa tahajia mbili tofauti: hayo yanamtisha mtu, na ana haki ya kutishika, kwa sababu asiyeweza kuandika jina lake vizuri ataandikaje salio langu? Lakini huo ni uzembe, na uzembe nimeuona kwenye matangazo ya mamilioni. Kanzu ya bei nafuu iliyofuliwa na kupigwa pasi haimwaibishi mtu msikitini. Suti ya kuazima humwaibisha, kwa sababu mwenye suti naye yupo.

Tangazo la mwisho la aina hii nililoandika lilikuwa la mkopo wa karo. Nilishinda karibu kila kitu. Droni ilianguka kwenye bajeti, mwenyekiti alikubali kuonekana akimpa mtu mkono bila kusema, na tulimpata mama mmoja, mshonaji, aliyeitamka ile sentensi ya elfu sita na mia tano vizuri kuliko nilivyoiandika. Tulihariri, kamati ikatazama, ikapiga makofi. Usiku wa kuamkia kupeleka kazi kituoni nikapata ujumbe kutoka kwa meneja: "Kijana wetu, tafadhali toa hiyo elfu sita. Wapinzani watatuiga, na wengine wataona ni nyingi. Weka riba nafuu." Nilibisha kwa simu kwa nusu saa. Kisha nikamtafuta msimulizi, tukajifungia ndani ya gari lake, akasema "kwa riba nafuu" mara nne, nikachagua ya tatu.

Lilirushwa wiki mbili. Nilipokwenda kuchukua hundi yangu, dada wa mapokezi alikuwa na simu mbili mezani na zote zinalia. Alinieleza kwamba tangu tangazo lianze watu wanauliza swali moja tu, riba ni ngapi, na wakitajiwa asilimia wanauliza tena, kwa hivyo ni shilingi ngapi. Alikuwa amechoka kupiga hesabu kila mara, akabandika kikaratasi kando ya simu kwa kalamu nyekundu: 50,000 – 53,250. 100,000 – 106,500. 200,000 – 213,000. Aliniuliza kama kule kwetu tuna mashine ya kuchapa, nimtengenezee kikubwa kidogo aweke dirishani.